Kifaa cha kupimia magari nimekinunua kwa hela yangu: nani aamue kinatumia famwea ipi?

Wakuu, habari za kazi.

Jambo hili tumelibishania gereji siku tatu bila kufika mwisho, nikaona nilete kwenu. Mimi ni fundi umeme wa magari, Tabata. Kifaa changu cha kupimia, kile unachochomeka kwenye soketi ya pini 16 chini ya usukani na kukiunganisha na laptopu, kilikuwa kinasoma karibu kila Toyota iliyoingia kwangu. Mwezi uliopita kikataka kusasishwa famwea, yaani programu inayokaa ndani ya kifaa chenyewe. Nikakubali. Kesho yake ikaja Noah ya 2003, taa ya injini inawaka: hakuna mawasiliano. Nikachomeka kwenye gari jipya zaidi, kinasoma vizuri. Nikaenda kwenye Mark II ya mzee jirani, kimya.

Aliye kwenye kazi hii ameshaelewa. Magari ya karibuni huongea kwa CAN, mtandao wa waya mbili unaounganisha kompyuta za gari, pini 6 na 14. Mengi ya zamani hutumia waya mmoja, K, pini 7. Marekani ililazimisha CAN kwa magari yote madogo kuanzia modeli za 2008, kwa hiyo anayetengeneza kifaa akiwa na soko la kule kichwani haumii upande wa K ukiharibika. Ninayeumia ni mimi. Magari yanayoshuka bandarini kwetu mengi yameshatumika Japani miaka kadhaa, na yakifika hapa yanaanza maisha mengine marefu. Gari la 2003 ndilo linalopeleka watoto shule.

Misimbo ya hitilafu ya ile Noah niliipata kwa njia ya wazee: kuunganisha TC na CG, pini 13 na 4, halafu unahesabu taa inavyopepesa. Toyota nyingi za enzi zile zinakubali. Lakini unapata namba tu. Sensa ya oksijeni inavyopanda na kushuka injini ikiwa inaunguruma huioni, na bila hiyo unabaki kubadilisha vipuri kwa kubahatisha, hela ya mteja ikiteketea.

Nikamwomba muuzaji faili la toleo la zamani. Akanijibu halitolewi, kifaa kimefungwa kisirudi nyuma, ninunue kingine. Hapo ndipo nakataa. Mwenye kifaa awe na haki ya kurudisha famwea iliyokuwa inafanya kazi, na anayeuza awe na wajibu wa kuiacha ipatikane, pamoja na maelezo ya kilichobadilishwa.

Mchangiaji, fundi wa funguo na kontroboksi (kompyuta ya gari), Kinondoni:

Mkuu, nakuheshimu, ila hapa unatupeleka pabaya. Toleo jipya huziba matundu ya usalama. Mwaka 2015 Charlie Miller na Chris Valasek waliiingilia Jeep Cherokee kwa mbali ikiwa barabarani, na magari milioni 1.4 yakaitwa kurekebishwa. Tundu likishazibwa, wewe unalifungua la nini? Halafu mimi naandika kontroboksi, yaani naingiza programu ndani yake. Mawasiliano yakikatika katikati ya kuandika, boksi linakufa, na mteja hajui hata famwea ni kitu gani. Na tuseme ukweli, wengi wanaotafuta toleo la zamani wana vifaa vya nakala, si halisi, ambavyo toleo jipya limevikamata.

Mleta mada:

Hilo la kuandika nakukubalia lote, ndugu yangu. Kusoma misimbo na kuandika boksi ni kazi mbili tofauti, na mimi nisingethubutu kuandika boksi la mtu kwa famwea ambayo mtengenezaji mwenyewe amesema ina kasoro. Basi toleo la zamani lizuiwe kuandika, liruhusiwe kusoma. Hiyo ingenitosha.

Jeep ile waliiingia kupitia redio yake iliyokuwa kwenye mtandao wa simu. Kifaa changu hakina laini, kinaishi kwenye droo.

La nakala ndilo linaloniuma. Oktoba 2014 kampuni ya FTDI ya Uskoti ilitoa draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kutumia kifaa) kupitia Windows iliyobadilisha namba ya utambulisho wa chipu bandia za USB ikawa sifuri, kompyuta zikaacha kuzitambua. Watu walilalamika hadi ikaondolewa. Aliyepata hasara si aliyeghushi chipu, ni mtu aliyenunua waya dukani bila kujua ndani kuna nini. Sitetei bandia. Kazi ya kuzikamata ni ya Tume ya Ushindani, na ifanyike dukani na bandarini, kifaa kisiuliwe mkononi mwa fundi aliyekwishalipa. Na changu si nakala, risiti ninayo.

Wenzetu hili wamelipigia kura. Jimbo la Massachusetts, Marekani, mwaka 2020, karibu robo tatu ya wapiga kura walikubali wenye magari na mafundi wa nje wapate data za gari. Sisi hata swali hatujaulizwa.

Sasa nauliza: yupo aliyerudisha toleo la zamani kwenye kifaa halisi? Aseme alitumia njia gani, umeme wa laptopu aliulinda vipi (kwangu ulikatika mara mbili jana), na upande wa K ulirudi au haukurudi. Noah bado iko nje ya gereji, na mwenyewe anapiga simu kila asubuhi.