Epley (mfululizo wa kugeuza kichwa na mwili) haisaidii kizunguzungu cha kujigeuza kitandani, nakosea wapi?

Tabibu_Zahanati: Habari zenu wakuu. Mama wa miaka 58, kila akijigeuza kitandani kwenda kulia dunia inamzunguka, kichefuchefu juu, na haipiti nusu dakika imetulia. Akiinama kufagia, hivyohivyo. Presha 128/80, damu ipo ya kutosha, malaria hana, na anasema anasikia vizuri. Ametumia sinarizini, vidonge vya kizunguzungu, wiki tatu bila nafuu. Dix-Hallpike (kipimo cha kumlaza upesi kichwa kikiwa kimegeuzwa) ya kulia inaamsha kizunguzungu, nikamfanyia Epley mara mbili, hali ileile. Nina kitanda cha kawaida cha kupimia wagonjwa na mto tu. Nakosea wapi? Na vidonge aendelee navyo?

Fizio_Mizani: Mkuu, hizo ni dalili za chembe za chokaa zilizobanduka mahali pake na kuingia kwenye mfereji wa nyuma wa sikio la ndani. Ila umetaja kizunguzungu, hujataja macho, na kipimo kile husomwa machoni. Aketi, geuza kichwa nyuzi 45 kulia, mlaze upesi kichwa kining'inie nyuzi 20 hadi 30 chini ya usawa wa kitanda, na asifumbe macho. Usikate tamaa mapema: hupita sekunde kadhaa, pengine hadi 20, kabla macho hayajaanza kucheza. Yataruka kuelekea paji la uso huku yakijizungusha upande wa sikio la chini, kisha yatulie kabla ya dakika moja.

Mto umeuweka wapi? Ukiwa chini ya kichwa umeharibu kila kitu. Uweke chini ya mabega ili kichwa kiangukie nyuma. Chembe hizo husogea kwa uzito wake zenyewe ndani ya majimaji. Kichwa kisipoinama vya kutosha hazina pa kuporomokea.

Epley ya kulia inaendelea kutoka mkao huohuo. Macho yakishatulia, hesabu sekunde 30 zaidi. Geuza kichwa nyuzi 90 kwenda kushoto, kikiwa bado kinaning'inia. Hapa ndipo wengi huinua kichwa bila kujua, na chembe zikarudi zilikotoka. Ngoja sekunde 30 hadi 60. Kisha mwili wote ulalie ubavu wa kushoto, kichwa kigeuke nyuzi 90 nyingine mpaka pua ielekee sakafuni. Ngoja tena kiasi kilekile, halafu mwinue polepole kidevu kikiwa kimeinama. Mshike mabega, maana wapo wanaoyumba vibaya wakati huo. Mpumzishe kidogo, rudia kipimo, na macho yakicheza tena rudia Epley hapohapo.

Sikio_na_Mizani: Naongezea kuhusu vidonge: vikome. Sinarizini hupunguza kichefuchefu, lakini haisogezi chembe hata moja. Ikitumiwa muda mrefu kwa mtu wa umri huo inaweza kuleta kutetemeka na mwendo mzito kama wa ugonjwa wa Parkinson, mbali na usingizi unaomwangusha usiku. Na usimwambie alale ameketi siku mbili baada ya Epley. Ushauri huo bado unatolewa sana, lakini hauongezi lolote la maana.

Macho yakianza kucheza kwa mlalo, kushoto na kulia, chembe zimehamia mfereji wa pembeni, na Epley haitafika huko. Yakipiga chini kuelekea kidevu, au yasipotulia kabisa, au mgonjwa akawa na maneno mazito, kuona viwiliviwili au kushindwa kusimama, acha kumgeuzageuza. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, inaweza kuwa kiharusi cha nyuma ya ubongo.

Kusikia nako usikumalize kwa kumuuliza. Chungulia kama kuna nta, kisha weka uma wa sauti wa 512 Hz katikati ya paji la uso. Sauti ikivutwa sikio moja, tatizo lake ni zaidi ya chembe. Hasa ikivutwa sikio zima wakati la pili limepoteza usikivu ndani ya siku tatu, hiyo ni dharura: mpe prednisoloni (dawa ya steroidi) mg 1 kwa kila kilo ya uzito, isizidi mg 60 kwa siku, mapema iwezekanavyo na ndani ya wiki mbili. Pima sukari kabla ya kuianza.

Tabibu_Zahanati: Mto ulikuwa chini ya kichwa. Shingo yake ni ngumu kidogo, ikigoma kuning'inia?

Fizio_Mizani: Tumia Semont basi, njia nyingine ya kuziondoa chembe, haihitaji kuning'iniza kichwa. Aketi ukingoni mwa kitanda miguu ikining'inia, kichwa nyuzi 45 kushoto. Mlaze upesi ubavu wa kulia, pua ikiangalia juu, dakika moja. Kisha mpeleke kwa mwendo mmoja hadi ubavu wa kushoto bila kusimama katikati na bila kubadili mgeuko wa kichwa. Sasa pua itaangalia kitanda. Dakika moja tena, mwinue. Mwendo huo ukiwa wa taratibu chembe hazitoki, kwa hiyo muwe wawili wa kumshika.