Daktari kaandika "kazi nyepesi". Hiyo kazi nyepesi iko wapi Dodoma hii?

Saidia Fundi
Wakuu habari za mchana, naomba tujadili hili bila matusi. Nina kaka yangu mkubwa ni fundi nondo, tangu Mtumba, mji wa serikali hapa Dodoma, inaanza kujengwa ye ni kuruka saiti hadi saiti, nondo begani, zege kichwani. Mwaka jana mgongo ukagoma. Pingili zimesagika, mguu wa kushoto unakufa ganzi, akisimama dakika 20 anatafuta ukuta wa kuegemea. Hospitali wamempiga picha wameona, daktari akaandika: asinyanyue mzigo, afanye kazi nyepesi. Basi, kikaratasi ndo hicho.

Sasa mtu kaishia darasa la saba, miaka 46, hajawahi kushika kompyuta, hiyo kazi nyepesi anaifanyia wapi? Kukaa getini wanataka mgambo. Kuendesha bodaboda kwa mgongo ule ni kujiua. Kuuza karanga Sabasaba ni kusimama juani kutwa.

Tukasema twende NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Tukaelezwa kwamba pensheni ya ulemavu inataka uwe na michango ya miezi 180, au 36 lakini hapo 12 iwe ile ya mwisho mwisho kabla hujapata tatizo, halafu uwezo wako wa kuingiza kipato uwe umepungua theluthi mbili. Kaka ana michango 41 toka kampuni ya kwanza. Ile 12 ya mwisho hamna, maana mkandarasi wa pili alikuwa anakata kwenye mshahara kila mwezi na hapeleki. Kwahiyo anachopata ni mkupuo mara moja, ukilipa madeni ya duka na kodi ya nyumba umeisha.

Swali langu: mtu ambaye afya imemkatalia kazi, hata kama michango haijatimia, serikali imlipe kitu kila mwezi kutoka kwenye kodi, ndio au hapana?

zabibu_chachu
Hapana. Pole kwa kaka lakini hapana. Mgongo hauna ushahidi mkuu, nchi hii kila aliyepita miaka 40 anaumwa mgongo. Kwenye ule mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini tu watu waliingiza kaya hewa, sasa tangaza kwamba ukiumwa unalipwa uone foleni ya magongo ya kuazima. Na walipa kodi ni walewale wachache wa kukatwa kwenye mishahara.

Saidia Fundi
Mkuu ushahidi upo kwenye picha, nimeshasema. Na kaya hewa ziliingizwa na waliokuwa wanaandikisha majina, usimbebeshe mgonjwa.

Mhasibu wa Mtaa
Mleta mada mbona unaongelea NSSF tu? Mtu akiumia kazini au akipata ugonjwa unaotokana na kazi kuna WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, sheria ya 2008, umeanza kazi Julai 2015. Kule mfanyakazi hachangii hata senti, anayechangia ni mwajiri peke yake. Ukiwa umeumia kwa muda wanalipa asilimia 70 ya mshahara mpaka miezi 24. Ukibaki na ulemavu wa kudumu wanapima, asilimia 30 kushuka chini unapewa mkupuo, ikizidi 30 unalipwa kila mwezi. Ile theluthi mbili ya NSSF haipo huku. Ila kuna muda, taarifa iende ndani ya miezi 12. Kaka yako mgongo ulianzaje, pole pole au kuna siku alianguka?

Saidia Fundi
Ye anasema "ulianza wenyewe". Ngoja nimuulize vizuri jioni. Na mkandarasi asiyepeleka NSSF unadhani huko alipeleka?

Mhasibu wa Mtaa
Mwajiri kutokuchangia ni kesi yake na mfuko, wadaiane wenyewe. Wewe peleka taarifa. Tafuta chochote kinachoonyesha alifanya kazi pale, kitambulisho cha saiti, meseji za mshahara kwenye simu, mtu waliyefanya naye.

nesi mstaafu
Wanangu mimi nimekaa wodini miaka mingi, nawaambia shida kubwa iko kwenye macho ya anayepima. Asiye na mguu haulizwi maswali mawili. Ila mwenye kisukari kilichokula miguu kwa ndani, mwenye figo anayesafishwa damu mara mbili tatu kwa wiki (ajira gani itamvumilia huyo?), hawa wanaonekana wazima. Na wa afya ya akili ndo kabisa. Hapa kwetu tuna Mirembe, hospitali ya afya ya akili, lakini bado mtu akipona kidogo akaenda ofisini kaoga, kachana nywele, anajibu vizuri, anaambiwa mbona uko fiti. Siku ile aliyojifungia ndani wiki nzima hakuna aliyemwona. Ukienda na mgonjwa wako aandike siku zake mbaya kwenye daftari, tarehe na alichoshindwa kufanya. Msimwandalie siku yake nzuri.

zabibu_chachu
Mama hapo kwenye figo nakubali. Ila unaona mwenyewe, huo mpaka uwekwe wapi? Figo ndio, mgongo sijui, presha je?

MagongoMawili
Mimi natembelea magongo toka nina miaka 4, polio, na mada hii inanipa ukakasi. Sisi tuna ile asilimia 2 ya mikopo ya halmashauri, ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Tuna sheria ya 2010 inasema mwajiri mwenye watu 20 na kuendelea, asilimia 3 wawe watu wenye ulemavu. Nitajieni hapa mjini kampuni tatu zinazotimiza. Leo mnataka kila mwenye mgongo aitwe mlemavu, mnakuja kujazana kwenye kakipande ketu. Na mimi sitaki pensheni, nataka kazi.

Saidia Fundi
Kaka nakuheshimu na sijaja kugombania fungu lako. Ila angalia, wewe unanyimwa kazi unayoiweza, huyu anaambiwa aifanye kazi ambayo haipo. Anayewafanya mgombane sio huyo mwenye mgongo.

MagongoMawili
Hapo umenena. Bado sikubali muitumie asilimia 2.

Mpemba wa Majengo
Kwetu Zanzibar pensheni jamii ipo tangu 2016, ukifika miaka 70 unalipwa, haulizwi ulichangia au la. Ilianza elfu 20 kwa mwezi. Ni ya wazee, sawa, lakini msiniambie kulipa mtu asiyechangia haiwezekani.

mgogo halisi
Huku kwetu Bahi pensheni ni mbuzi. Mtu akiugua tunauza mmoja mmoja mpaka zizi linabaki na harufu. Akipona hana kitu, asipopona watoto hawana kitu. Endeleeni na fomu zenu ila mjue anayelipa saa hizi ni ndugu.

Saidia Fundi
Nimerudi. Nimekaa na kaka jioni hii nikamuuliza kama Mhasibu alivyosema. Kumbe kuna siku! Walikuwa wanapandisha nondo ghorofa ya pili, mwenzake mbele akateleza, mzigo wote ukamlalia yeye, akasikia "ka!" kiunoni. Akanywa panadoli akamaliza siku maana ilikuwa Ijumaa ya malipo. Hakusema kwa mtu, aliogopa kuachishwa. Huyo mwenzake yuko Chang'ombe na namba yake tunayo. Nimehesabu, imetimia miezi 10 na siku kadhaa.

Kesho namkodia bajaji, boda hawezi. Mhasibu, barua naandika mimi au lazima ipitie kwa huyo mkandarasi kwanza? Maana simu zetu hapokei.