Tupeane uzoefu: katuni za zamani za Kimarekani zilizotulea

Habari za jioni, wakuu. Uzi huu ni wa Tom na Jerry, Bugs Bunny, Popeye na wenzao. Kila mmoja aeleze zilimkuta wapi na zimemwachia nini. Naanza mimi.

Tanga, mwaka 1996. Jirani yetu alikuwa na deki na kanda moja ya Tom na Jerry, imechakaa, picha inarukaruka. Jumamosi mtaa mzima tunajaa sebuleni kwake, ndala tumeziacha mlangoni. Bibi yangu naye anakuja na ukili wake. Kiingereza hakujua hata neno, na wala hakukihitaji. Tom akianza kunyata, vidole vya bibi vinapunguza mwendo kwenye chane. Paka akisimama, navyo vinasimama. Paka akibamizwa kikaango, bibi anacheka mpaka anajifuta machozi kwa pindo la khanga. Ukubwani ndipo nilipong'amua kuwa alikuwa anafuata muziki. Scott Bradley, mtunzi wa studio ya MGM, alizitungia muziki nyendo za wale wawili hatua kwa hatua. William Hanna na Joseph Barbera waliwaanzisha 1940, na katuni 7 kati ya zao zilipata Oscar. Kwangu mimi Bradley anastahili nusu ya sifa zile.

Mama Wawili: Kwangu ni Popeye, yule baharia anayepata nguvu akila spinachi, mboga ya majani kama mchicha. Mama akiweka bakuli la mchicha mkekani anasema, "Huu huu ndio anaokula yule baharia." Tunamaliza. Wakulima wa spinachi wa Crystal City, Texas, walimjengea Popeye sanamu mwaka 1937, na mimi nawaelewa kabisa.

Kalamu ya Risasi: Mimi ziliniponza, halafu zikanipa kazi. Darasa la sita nilichora sungura pembezoni mwa kaunta buku, kila ukurasa kasogea kidogo. Ukizifyatua kurasa kwa dole gumba, anakimbia. Mwalimu alilichana mbele ya darasa. Viboko nilivivumilia, kurasa ndizo zilizoniliza. Sasa nachora katuni kwa kuajiriwa na ndipo ninapoona jasho la wale wazee. Filamu hupitisha picha 24 kwa sekunde. Wao mara nyingi walichora 12, kila mchoro ukipigwa picha mara mbili. Dakika 7 ni picha zaidi ya 10,000! Tazameni mikono ya Mickey na Bugs: vidole vitatu na gumba. Ukipunguza kidole kimoja kwenye maelfu ya michoro, umeokoa siku nyingi za kazi.

Binti wa Isike: Mtoa mada, nami nawapenda Tom na Jerry, ila kuna jambo linaniuma. Yule mama wa nyumbani anayemfokea Tom, mnamkumbuka? Huonekana miguu na aproni tu. Utotoni nilimwona mkali, basi. Juzi mwanangu wa miaka 7 akaniuliza, "Mama, mbona yule mama mweusi hana uso?" Nikasimamisha picha, tukaongea. Nilimwambia kwamba sauti ile ni ya Lillian Randolph, mwigizaji mweusi, na kwamba watu wa NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, walipinga weusi kuchorwa namna ile. Miaka ya 1960 studio ikamwondoa, ikachora mwanamke mweupe mahali pake na sauti ikabadilishwa. Mimi sikubali alivyochorwa, na sikubali pia sauti ya Lillian ipotee. Wanangu wanaangalia ile ya mwanzo, nami nimekaa nao.

Msafiri Ohio: Natunza wazee hapa Columbus. Mmoja alikuwa hatambui hata watoto wake, lakini nikimwekea Bugs Bunny, anatamka maneno kabla sungura hajayatamka. Nikamkumbuka Mel Blanc, mwenye sauti ile. Mwaka 1961 alipata ajali mbaya ya gari Los Angeles, akalala bila fahamu. Alisimulia baadaye kwamba daktari alipomwita kwa jina la Bugs Bunny, ndipo alipojibu, tena kwa sauti ya sungura. Siku moja binti wa mzee wangu aliingia tukiwa tunaangalia. Mzee akamkazia macho, akamwita "Doc", kama sungura anavyowaita watu wote. Binti akamshika mkono, akaitika.