Nani huiongoza polimerasi ya RNA?

Mwanafunzi wa kidato cha sita, Tabora
Walimu wangu, shikamooni. Seli zote za mwili zina DNA ileile. Kwa nini basi himoglobini hutengenezwa kwenye uboho na si kwenye ini la mtu mzima?

Mwalimu wa baiolojia, Ujiji
Marahaba, mwanangu. Polimerasi ya pili ya RNA, kimeng'enya kinachonukuu jeni za protini kutoka DNA kuwa RNA, haiwezi kutambua mwanzo wa jeni peke yake. Kundi la protini saidizi liitwalo TFIID hutangulia kushika eneo la kuanzia, wenzake hufuata, kisha mmoja wao, TFIIH, hutenganisha nyuzi za DNA na kuutia fosfeti mkia wa polimerasi, ndipo unukuzi unapoanza. Hizo zimo katika kila seli. Tofauti huletwa na protini teule kama GATA1, ambayo kwenye uboho hushika mfuatano wa herufi GATA na kuita wasaidizi wanaolegeza kromatini, yaani DNA iliyofungashwa na protini zake, ili jeni za himoglobini zinukuliwe.

Mtaalamu wa maabara, Kigoma
Naomba niongeze jambo linalotugusa huku, ambako slaidi zenye vimelea vya malaria ninazoziona kwenye hadubini mara nyingi huwa za Plasmodium falciparum, si Plasmodium vivax. Kwa Waafrika wengi, herufi moja, T, imegeuka C mahali GATA1 inaposhika mbele ya jeni ya Duffy, protini ya juu ya seli nyekundu za damu. Seli nyekundu hukosa protini hiyo, na Plasmodium vivax hukosa mlango wake mkuu.

Mwanafunzi
Kwa hiyo maelezo ya kutengeneza protini yenyewe, ndani ya jeni, hayajaguswa?

Mtaalamu wa maabara
Hayajaguswa, ndugu yangu. Seli za kuta za mishipa ya damu huendelea kuitengeneza.