Tupeane uzoefu: kuongeza nguvu ya chini kwenye injini ndogo (cc 1000 hadi 1500)

#1 Mleta mada

Wakuu, habari za kazi. Uzi huu ni wa injini ndogo za petroli zisizo na tabo (kifaa cha kusukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini), zile ambazo zikishapanda juu zinavuta vizuri, ila kati ya RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) 1500 na 3000 zinachoka. Mlima ukianza tu unashusha gia, na ukipakia watu wanne klachi inanuka kila unapoondoka. Tunachotafuta hapa ni torki (nguvu ya kuzungusha) kwenye RPM za chini, si spidi ya mwisho.

Hesabu moja ya kuanzia: nguvu kwa kilowati ni torki (Nm) mara RPM, gawanya kwa 9549. Injini yenye Nm 80 kwenye RPM 2000 inatoa kilowati 16.8 tu. Nm 80 hizo hizo kwenye RPM 5000 ni karibu kilowati 42. Kwa hiyo ukiongeza Nm 8 kule chini utazisikia mguuni, hata kama "farasi" za kwenye karatasi hazikubadilika.

Anayechangia aseme kipimo, kifaa, kinachoharibika na sababu yake. Habari za safari tuziweke kando.

#2

Kabla ya kuongeza, rudisha iliyopotea. Injini nyingi zinazoletwa kwa fundi ziongezewe nguvu hazijafika hata kwenye nguvu ya kiwandani.

Pima kompresheni injini ikiwa ya moto. Toa plagi zote, zima nozeli zisimwage mafuta, kata umeme wa koili, kanyaga moto hadi mwisho ili hewa ipite, kisha piga stata mpaka mshale wa geji usimame. Injini ya kompresheni ya 10 kwa 1 hivi, ikiwa nzima, husoma bar 12 hadi 14. Tofauti kati ya silinda na silinda isizidi bar 1. Silinda iliyo chini mwagie kijiko kidogo cha oili kupitia tundu la plagi, upime tena. Ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, shida ni valvu au gasketi ya hedi (kichwa cha injini).

Halafu angalia masega ya ekzosi (kifaa cha kusafisha moshi kwenye bomba lake). Fungua sensa ya oksijeni iliyo kabla ya masega, funga geji ya presha kwenye tundu lake, shikilia RPM 2500. Ikizidi bar 0.2, masega yameziba na hakuna kamshafti (shafti inayofungua na kufunga valvu) itakayokusaidia. Dawa ni kuyabadilisha. Kuyatoboa au kuyatoa kabisa kumekatazwa kisheria katika nchi nyingi, na kwa torki ya chini hakuna faida ya maana ikilinganishwa na masega mazima.

#3

Nakazia kwa mkuu #2, na niongeze la VVT (mfumo wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka na kufunga) maana ndiko nguvu ya chini inakofia kimyakimya. Kazi ya VVT kwenye RPM za chini ukikanyaga ni kuiwahisha kamshafti ya hewa ili valvu ifunge mapema. Njia ya oili ikiziba, kamshafti inabaki kwenye nafasi yake ya kuchelewa. Gari itawaka, itatulia sailensa (ikiunguruma bila kukanyagwa), juu itakimbia kama kawaida, ila chini imekufa, na mara nyingine taa ya injini haiwaki.

Toa valvu ya oili ya VVT na chujio lake dogo la waya. Hilo chujio huwa limejificha nyuma ya bolti ya peke yake, na mafundi wengi hawalijui. Osha kwa petroli, puliza. Pima koili ya valvu kwa mita: kwa Toyota za familia ya NZ, ikiwa baridi, inatakiwa kusoma omu 6.9 hadi 7.9. Kisha ipe umeme wa betri kwa sekunde moja tu uone kama spuli inasogea bila kukwama.

Cheni ya taimingi iliyorefuka nayo inachelewesha kamshafti vilevile. Kwa hiyo tensha (kikaza cheni) iliyotoka nje kupita kiasi ni dalili ya kutazama kabla ya kununua chochote.

#4

Mimi nizungumzie kamshafti, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi hupotea.

Torki ya chini inaamuliwa zaidi na tukio moja: ni lini valvu ya hewa inafunga baada ya pistoni kupita chini kabisa. Kamshafti ya kawaida hufunga digrii 45 hadi 50 baada ya hapo. Kamshafti ya mashindano hufunga 65 au 70. Kwenye RPM 6000 hewa ina kasi kubwa, inaendelea kuingia hata pistoni ikiwa imeanza kupanda, ndiyo maana kuchelewa kunasaidia kule juu. Kwenye RPM 1800 kasi hiyo haipo, pistoni inairudisha hewa kwenye manifoldi, na silinda inabaki nusu tupu. Unasikia injini "inakohoa" sailensa, unakanyaga, haivuti.

Kwa hiyo usinunue kamshafti yenye muda mrefu. Chukua ya kiwandani, au yenye muda uleule ila inainua valvu kidogo zaidi, halafu iwahishe digrii 2 hadi 4 za krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) kwa puli inayorekebishika. Juu utapoteza kidogo, chini utapata.

Kuruka jino moja la mkanda si njia. Puli ya kamshafti yenye meno 40 ukiisogeza jino moja umehama digrii 9 za kamshafti, yaani 18 za krenki. Injini itawaka vibaya, na kwenye injini ambazo valvu na pistoni zinafikiana utapinda valvu siku ya kwanza.

Kabla ya kuwasha, pima nafasi. Bandika udongo laini wa kuchezea watoto juu ya pistoni, paka oili kidogo juu yake, funga hedi na gasketi ya zamani, zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili, fungua, kata udongo kwa wembe upime unene pale valvu ilipobonyea. Usikubali chini ya milimita 2 kwa valvu ya hewa na 2.5 kwa ya moshi. Ya moshi inahitaji zaidi kwa sababu inapata joto na kurefuka, na pistoni inaifuata kwa nyuma ikipanda.

#5

Mkuu #4 kanikumbusha kuskimu hedi (kuuchonga uso wake), kitu ambacho kila mtu anakitaja na wachache wanakipigia hesabu.

Chukua injini ya cc 1300, silinda nne: kila silinda ni cc 325. Kompresheni ikiwa 9.5, nafasi inayobaki pistoni ikiwa juu ni 325 gawanya kwa 8.5, sawa na cc 38.2. Ukitaka 10.5, nafasi iwe 325 gawanya kwa 9.5, yaani cc 34.2. Unahitaji kupunguza cc 4. Usikisie kina cha kuskimu. Lala hedi chali, valvu na plagi zikiwa zimefungwa, funika chemba kwa kioo chenye tundu, jaza kwa sirinji ujue chemba ina cc ngapi. Kisha jaza kimiminika mpaka kibaki cc 4 kujaa, pima kwa kina kutoka usawa wa hedi hadi kwenye kimiminika. Hicho ndicho cha kuchonga.

Faida yake? Kipengele kimoja cha kompresheni katika eneo hilo kinaleta kama asilimia 3 kwa hesabu ya nadharia. Si kubwa, ila iko kwenye RPM zote.

Sasa kasoro ambayo haisemwi. Hedi ikishuka, umbali kati ya krenki na kamshafti unapungua, upande wa mkanda au cheni unaovuta unalegea, na kamshafti inachelewa. Puli ya kipenyo cha milimita 120 ukishusha hedi milimita 1 inachelewa karibu digrii 1 ya kamshafti, sawa na digrii 2 za krenki. Yaani umeongeza kompresheni kwa mkono huu, na kwa mkono ule umechelewesha kufunga valvu. Ukiskimu, puli ya kurekebisha inakuwa lazima.

Bolti za hedi zinazokazwa kwa torki halafu kwa digrii hurefuka kila zikikazwa. Pima urefu wake kulingana na kitabu cha injini, zikizidi nunua mpya.

#6

Swali: ekzosi pana ya inchi mbili na nusu itasaidia kwenye cc 1300?

#7

Itaharibu, ndugu. Moshi ukipita kwenye bomba kubwa unapoteza kasi, na kasi hiyo ndiyo inayovuta mabaki ya moshi kutoka silinda wakati valvu zote mbili ziko wazi kidogo. Watu husema injini "inahitaji kuzibwa kidogo". Hapana, haihitaji kuzibwa, inahitaji kasi.

Kwa cc 1300, hedasi (mabomba ya moshi yanayotoka kwenye hedi) ya 4-2-1, yaani manne kuwa mawili kisha moja, yenye mabomba ya kwanza ya kipenyo cha ndani milimita 32 hadi 35, na bomba la nyuma milimita 42 hadi 45. Kwa mpangilio wa moto (zamu za silinda kuwaka) 1-3-4-2, unganisha silinda 1 na 4 pamoja, 2 na 3 pamoja, ili mapigo ya kila jozi yafuatane kwa digrii 360 yasigongane. Hedasi ya 4-1 inapeleka faida juu. Sensa ya oksijeni iwe pale mabomba yote manne yalipokwisha kuungana, la sivyo kompyuta ya injini itasoma silinda mbili tu.

Upande wa hewa ni hivyohivyo. Mabomba marefu na membamba ya manifoldi husaidia chini, mafupi na mapana husaidia juu. Usitanue njia za hewa kwenye hedi. Ondoa tu ukingo wa gasketi unaochungulia ndani, na ule mdomo wa chuma chini ya siti ya valvu. Siti ikatwe pembe tatu, 30, 45 na 60, mguso wa digrii 45 uwe na upana wa milimita 1 hadi 1.3 kwa hewa na karibu 1.5 kwa moshi. Ya moshi inapitisha joto lake kwenye siti, ndiyo maana ni pana.

#8

Taimingi ya cheche kwa wenye distributa (kigawa umeme wa plagi): anza na kipimo cha kitabu, mara nyingi digrii 10 kabla ya juu, ongeza 2, jaribu. Jaribio ni mlimani, gia ya nne, RPM 1500, umekanyaga hadi mwisho. Ukisikia mlio kama wa kokoto ndani ya kopo, rudisha 2. Jumla usizidi 4.

Kugonga kwa RPM ya chini ndiko kubaya zaidi. Mchanganyiko unakaa muda mrefu kwenye joto na shinikizo, sehemu ya mwisho inalipuka yenyewe kabla ya moto kuifikia. Kinachovunjika kwanza ni ukuta wa pistoni kati ya ringi ya kwanza na ya pili. Aliyeskimu hedi atumie petroli ya okteni ya juu zaidi na plagi baridi (inayotoa joto haraka zaidi) kwa hatua moja. Injini inayokula oili isiguswe kabisa taimingi, oili ikiingia kwenye chemba inashusha okteni.

#9

Wakuu mmesahau gia. Difu (gia ya mwisho kabla ya magurudumu) ya 3.722 ukiibadilisha kwa 4.312, magurudumu yanapata torki zaidi kwa asilimia 15.9 kwenye kila gia, bila kugusa injini. Utalipa kwa kelele na mafuta kwenye barabara kuu.

Na matairi. 175/65R14 ina kipenyo cha milimita 583. 185/65R15 ina 621. Aliyepandisha rimu amepoteza zaidi ya asilimia 6 ya nguvu ya kuvuta, halafu anakuja kulaumu injini. Flaiwili (gurudumu zito nyuma ya krenki) nyepesi nayo haiongezi torki hata kidogo, na kwenye injini ndogo inafanya kuondoka kuwe kugumu.

#10 Mleta mada

Shukrani wakuu. Kwa kupima matokeo: barabara tambarare, gia ya tatu, kanyaga hadi mwisho kutoka RPM 1500 hadi 3500, mwenzako akishika saa. Rudia mara tatu kila upande, chukua wastani. Tangi liwe na mafuta kiasi kilekile, presha ya matairi ileile, AC imezimwa, injini iwe moto. Badilisha kitu kimoja tu kila unapopima.