Mkate wa boga umegeuka kijani

Neema: Shikamooni wakubwa. Jamani nisaidieni kabla sijatupa kitu

Neema: 📷 Picha

Neema: Jana usiku nimeoka mkate wa boga, umetoka vizuri tu, umeumuka, nyumba nzima inanukia mdalasini na karafuu nikasema leo nimeweza. Asubuhi hii nakata kipande cha chai naona madoa ya kijani ndani. Kijani kabisa

Baraka: Ukungu huo. Tupa

Neema: Ukungu wa usiku mmoja kaka?? Unga mpya mayai mapya

Wifi Salma: Piga picha kwa karibu, hiyo naona kidole chako tu

Neema: 📷 Picha

Wifi Salma: Aaah. Umeweka mbegu za alizeti humo?

Neema: Ndio wifi, gao moja. Nilitaka kitu cha kutafuna

Wifi Salma: Basi kula mkate wako. Angalia vizuri hiyo picha, kijani kimezunguka mbegu tu, kila mbegu na duara lake, penye mkate mtupu ni safi. Ukungu ungeanzia nje kwenye ganda tena wenye manyoya manyoya, hauchagui mbegu

Baraka: Mi siugusi

Wifi Salma: Na nani kakukaribisha 😂

Shangazi Rehema: Salma yuko sahihi. Alizeti ina kitu wanakiita asidi ya klorojeniki, ikikutana na soda ya kuokea inageuka kijani. Haina madhara. Na huioni mkate ukiwa kwenye oveni, inakuja ukishapoa, ndo maana watu wanalala salama wanaamka na kelele

Baraka: Klorini?? ile ya kwenye maji

Shangazi Rehema: Haina klorini hata chembe Baraka, soma jina mpaka mwisho

Neema: Shikamoo shangazi, kumbe upo

Shangazi Rehema: Marahaba mwanangu. Haya niambie, soda umeweka kiasi gani

Neema: Vijiko 2 vya chai. Unga vikombe 2. Ndo resipi niliyotumiwa ilivyosema

Shangazi Rehema: Aliyeandika hiyo resipi alikuwa anafua nguo

Wifi Salma: 😂😂😂

Shangazi Rehema: Sicheki. Kikombe kimoja cha unga, yaani gramu 120 hivi, kinatosheka na robo kijiko cha chai cha soda. Vikombe viwili nusu kijiko. Wewe umeweka mara nne yake. Hebu onja ukoko wa chini polepole, usimeze haraka

Neema: Nimeonja. Ni kweli kuna kitu kinabaki nyuma ya ulimi, nilidhani karafuu

Shangazi Rehema: Karafuu inatia ganzi kidogo na inanukia. Ladha ya sabuni ni soda. Soda kazi yake ni kupambana na uchachu, mtindi, limau, asali, hata sukari ya kahawia ina uchachu wake kidogo kwa ajili ya molasi, zikikutana ndo inatoka hewa ya kuumulia mkate, sasa uchachu ukiisha soda iliyobaki haina pa kwenda, inakaa humo humo. Keki nyeupe ungeigundua pale pale ila mikate ya viungo inaficha, mtu anakula sabuni miaka anasema tangawizi imekolea

Wifi Salma: Na ile rangi nyeusi ya ganda uliyokuwa unanionyesha kwenye video jana usiku. Hiyo nayo ni soda, ikizidi mkate unapiga rangi haraka kabla ndani hakujaiva

Neema: Na mi nikaisifia 🤦🏾‍♀️

Baraka: Si mngeweka hamira tu yaishe

Wifi Salma: Hamira inataka kusubiriwa, na mdalasini ukiwa mwingi ndani ya unga unaidhoofisha. Mikate hii inaitwa ya haraka kwa sababu unakoroga unaingiza kwenye oveni, hakuna kukanda hakuna kusubiri iumuke. Wewe subiri kula tu

Mama Juma: Nami naomba kuuliza hapo hapo msinicheke. Wangu wa boga kila mara chini unakuwa kama uji ulioganda, juu umeiva kijiti kinatoka kikavu, ukikata chini kuna mstari mzito umelowa

Wifi Salma: Boga unaliandaaje mama Juma

Mama Juma: Nachemsha nasaga na blenda

Wifi Salma: Unalichuja?

Mama Juma: Hapana

Wifi Salma: Ndo hapo. Boga la kuchemsha linakunywa maji, unayamimina yote kwenye unga wako. Mimi siku hizi sichemshi kabisa, napasua katikati natoa mbegu nalaza kwenye trei upande uliokatwa ukiwa chini, nachoma mpaka kisu kinazama chenyewe, nachota nyama naiponda. Hata hivyo bado lina maji, kwa hiyo narudisha kwenye sufuria pana moto mdogo nakoroga na mwiko. Mwanzoni linaruka ruka na kutema, ukifika mahali unapitisha mwiko chini ya sufuria njia inabaki wazi kidogo kabla haijajifunga, zima. Rangi inakuwa imekolea, na utamu unaongezeka bila sukari. Liache lipoe ndo lichanganywe, la moto litaanza kuivisha mayai

Mama Juma: Yani kazi yote hiyo

Wifi Salma: Au liweke kwenye kitambaa safi juu ya chujio lilale kwenye friji. Ila la sufuria ni tamu zaidi, mi sibishani na mtu kwenye hilo

Shangazi Rehema: Na kijiti mama Juma unachoma wapi?

Mama Juma: Katikati juu

Shangazi Rehema: Choma kwenye ule mpasuko, mpaka chini kabisa. Pale ndo panachelewa kuiva. Mpasuko wenyewe sio kasoro, ganda linakauka mapema ndani bado kunapanda linachanika. Mwenye kipimajoto cha jikoni achome nacho, ikifika 93 mpaka 96 kwa selsiasi umeiva, hakuna kubahatisha

Neema: Shangazi na wangu una vishimo virefu ndani kama mashimo ya panya, hiyo nayo soda?

Shangazi Rehema: Umetumia miksa?

Neema: Eee

Shangazi Rehema: Basi ni miksa. Ukishatia unga kwenye vitu vya majimaji shika mwiko, koroga mpaka usione unga mkavu, ACHA. Vibonge vidogo vitajimaliza vyenyewe kwenye oveni. Ukiendelea kukoroga unga unavutana, mkate unakuwa mgumu na hewa inatafuta njia ya kutokea ndo hayo mashimo

Neema: Haya nimeandika upya, nikosoeni. Unga vikombe 2, bekingi pauda kijiko 1 cha chai, soda nusu kijiko, chumvi nusu, sukari ya kahawia kikombe 1, boga lililokauka kikombe 1, mafuta nusu kikombe, mayai 2, mtindi robo kikombe. Mdalasini vijiko 2 vya chai, tangawizi ya unga 1, kungumanga nusu, karafuu nusu

Shangazi Rehema: Karafuu robo. Ikizidi hapo utasikia dawa ya jino. Kungumanga usinunue ya unga, paruza ile nzima muda huo huo, ya kopo harufu imeshakwenda zake. Na hayo mafuta yapashe moto kidogo na viungo vyote, sekunde chache tu mpaka vinukie, toa haraka visiungue. Harufu ya viungo inapenda mafuta kuliko maji

Wifi Salma: Na kama bado unataka mbegu za alizeti, toa soda kabisa, weka bekingi pauda vijiko 2 basi. Kijani kitapungua sana au usikione

Mama Juma: Siagi badala ya mafuta je

Wifi Salma: Inafaa, ladha nzuri, ila siagi ikipoa inaganda na mkate unaonekana mkavu siku ya pili. Mafuta yanabaki majimaji, mkate unakaa laini. Kwenye hii ya viungo siku ya pili ndo tamu yenyewe, viungo vinakuwa vimeshazoeana, kwa hiyo mi naenda na mafuta

Mjomba Hamisi: Habari za asubuhi. Nimesoma zote. Mkate umebaki?

Neema: Shikamoo mjomba. Umebaki ila ni wa sabuni

Mjomba Hamisi: Marahaba. Paka siagi lete

Neema: 😂 Oveni niweke ngapi shangazi, resipi ilisema 200

Shangazi Rehema: 200 kwa mkate mzito hivyo?? 175, dakika 55 mpaka 65, na usifungue mlango nusu saa ya kwanza. Chombo chako cha bati au kioo?

Neema: Kioo

Shangazi Rehema: Basi 160. Kioo kikishika moto hakiachii, pembeni patakauka katikati kungali kubichi. Funika foili juu rangi ikikolea mapema