Hoteli ya kulala na kufanyia kazi Nyali, usiku 14: niulize nini kabla sijalipa?

Binti wa Tudor

Hamjambo wote. Naomba ushauri kwa anayejua, na naomba upesi kwa sababu Jumatatu si mbali.

Mimi hufanya kazi nyumbani kwa mtandao, kujibu simu za wateja wa duka moja la Marekani linalouza vyombo vya jikoni. Mteja wa New York akipokea sufuria imebonyea, anayemjibu ni mimi hapa Tudor. Nina miezi minne. Wiki mbili zijazo ndizo za kupimwa: wanasikiliza kila simu, halafu wanaamua nani apewe mkataba wa kudumu. Zamu ni saa kumi jioni mpaka saa sita usiku.

Nyumbani mtandao unakatika na stima inapotea bila taarifa. Nimeona hoteli moja mpya upande wa Nyali. Juu ni vyumba, chini ni ukumbi wa kufanyia kazi, meza ndefu zenye soketi kila kiti, na vibanda vya kioo vya kupigia simu. Mlango wa chumba unaufungua kwa simu yako. Ukumbi haufungwi usiku kucha. Ni 6,500 kwa usiku pamoja na chai ya asubuhi, nami nataka usiku 14. Niulize nini kabla sijalipa?

Fundi wa Faiba

Dada, usiulize kama intaneti ipo. Watakwambia ipo na inakimbia. Nenda mwenyewe saa ile ile ya zamu yako, ukae kiti utakachokalia, upime. Tazama spidi ya kupakia, usitazame ya kupakua peke yake. Simu ya sauti haili kitu, kilobiti mia kwa sekunde zinatosha. Kinachoiua ni kuyumba: mtandao uko juu, uko chini, sauti yako inafika vipande vipande kwa sababu meza ya pili kuna mtu anapakia video ya harusi.

Halafu uliza habari ya jenereta, na usikubali jibu la "tunayo". Uliza kama ruta ina betri yake. Jenereta ikiwaka baada ya sekunde kumi, ruta isiyo na betri imeshazima na inaanza upya, na hizo ni dakika mbili tatu. Mteja wako kashakata.

Na hata hoteli iwe nzuri vipi, kuna mambo yaliyo baharini. Mei 2024 EASSy na SEACOM, nyaya za intaneti zinazopita chini ya bahari, zilipokatika, Afrika Mashariki nzima ilitambaa, wa hoteli ya kifahari na wa kibanda cha M-Pesa sawasawa. Watu husahau kwamba mtandao huu unaingilia hapa hapa kwetu. Nyaya za TEAMS na SEACOM zilitua Mombasa 2009, EASSy ikafuata 2010. Mimi wakati huo nilikuwa kijana wa kuchimba mitaro, mwamba wa matumbawe unavunja sururu, mikono yote malengelenge, na hakuna aliyetuambia tunafukia nini. Tulidhani ni mabomba ya maji.

Mzee wa Kibokoni

Mwanangu, mimi nimevuka kwenda Nyali kwa lile daraja la zamani la kuelea, kabla hili la sasa halijafunguliwa 1980. Mtu wa kisiwani kulala hoteli ng'ambo ya daraja, na kwao anapaona, ni jambo la kuelezwa. Hoteli ilikuwa ni mahali pa kunywa chai na mahamri, ukimaliza unarudi kwako. Sikuhukumu. Lakini mji huu una macho, na binti akionekana anaingia hoteli jioni na kutoka asubuhi, wewe unajua ulikuwa unajibu simu za sufuria, mji haujui.

Mama Mapacha Bamburi

Nimepiga hesabu: 6,500 mara 14 ni 91,000. Mwanangu, 91,000! Kwa pesa hizo utapanga chumba huku Mtopanga, utie faiba yako mwenyewe, ununue na hiyo betri ya ruta, na chenji ibaki. Mimi mapacha wangu nimewalea huku nashona magauni ya watu usiku, chumba kimoja, cherehani inalia na wao wamelala. Mtoto huzoea sauti anayokua nayo.

Kisha nikuulize. Kama shida ni stima na mtandao, mbona unataka kulala huko? Zamu si inaisha saa sita?

Kaka wa Makupa

Mama Mapacha kaligusa. Dada, unatafuta wifi au unamkimbia wifi?

Binti wa Tudor

Fundi, ahsante sana, nimeyaandika yote kwenye karatasi.

Mzee wangu, shikamoo. Mimi ni mke wa mtu na najiheshimu. Ndiyo maana nimechagua mahali penye mapokezi na kamera, sikuchagua chumba cha kificho.

Kaka wa Makupa, umesema kwa mzaha, lakini ndivyo hivyo. Tangu Aprili naishi na wifi yangu na watoto wake watatu. Mumewe alifariki, hakuwa na pa kwenda, na mimi mwenyewe ndiye niliyesema waje. Simlaumu. Lakini mnajua ninavyofanya kazi? Niko stoo. Nimesimamisha godoro mlangoni lizuie sauti. Feni nimeizima kwa sababu kinasa sauti kinaidaka, msimamizi alishaniandikia kwamba kwangu kunasikika upepo. Kwa joto hili la Mombasa, jasho linadondoka juu ya kibodi, nami nasema kwa sauti ya kutabasamu. Wiki jana niko na bibi mmoja mzee wa kule, analia kwa sababu sufuria aliyonunua ni ya kumbukumbu ya mumewe. Godoro likaanguka, na mtoto mdogo akaingia anauliza kifuniko cha ugali kiko wapi. Simu hiyo ilirekodiwa.

Zamu ikiisha saa saba usiku siwezi kupanda tuktuk peke yangu kuvuka daraja. Ndiyo maana nalala huko huko.

Mama Mapacha Bamburi

Pole mwanangu. Pole kweli. Mumeo anasemaje?

Binti wa Tudor

Ni baharia, mpishi melini. Yuko baharini, mtandao hakuna. Lakini analijua jambo hili.

Dada wa Kizingo

Analijua jambo gani? La kazi, la hoteli, au la pesa? Nakuuliza kwa sababu umeandika "kabla sijalipa", lakini unaujua mlango unavyofunguliwa, unaijua soketi ya kila kiti. Umeshalipa?

Binti wa Tudor

Nimelipa nusu. 45,500. Walisema ni arubuni na hairudi.

Pesa ni za mabati. Mume wangu alituma za kuezeka nyumba yetu Mtwapa, kuta zimesimama, mbao za paa ziko tayari. Kazi anaijua. Hoteli haijui. Jana alinipigia nikashindwa kumwambia, tukazungumza habari za mabati tu, anataka rangi ya maziwa kwa sababu nyeusi hupandisha joto.

Najua mtakavyosema. Lakini akaunti ni ya jina langu, na yeye huniambia kila mara, mke wangu tumia akili yako. Nikipata mkataba wa kudumu, mshahara wa kwanza unarudisha zote. Mabati hayaozi dukani. Nafasi hii ikipita haitarudi.

Mzee wa Kibokoni

Pesa ya paa, binti yangu. Mvua za vuli ziko mlangoni.

Msema Kweli 001

Ngojeni kidogo, mnalizwa bure. Mimi nimesoma uzi huu mara mbili.

Mwanzo zamu inaisha saa sita usiku, chini inaisha saa saba. Mume yuko baharini "mtandao hakuna", mistari michache baadaye "jana alinipigia". Na ule mwanzo, vibanda vya kioo, soketi kila kiti, mlango wa simu, chai ya asubuhi ndani ya bei. Hilo ni tangazo la hoteli. Watu wa mauzo hufanya hivi: wanaweka kisa cha kusikitisha, nyinyi mnauliza jina la hoteli, wanawatajia. Na kama si tangazo ni hadithi. Hiyo sufuria ya marehemu ndiyo iliyonifanya nijue.

Kaka wa Makupa

Kwani hakuna mjane Marekani mwenye sufuria? Lakini la simu ya jana, kweli nami limenikwama.

Fundi wa Faiba

La saa nitalijibu mimi. Wenzetu wa New York hurudisha saa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba. Sasa hivi wako nyuma yetu kwa saa saba, baada ya hapo ni nane. Zamu ya saa tatu asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni kwao, leo kwetu ni saa kumi mpaka saa sita. Jumatatu ijayo itakuwa saa kumi na moja mpaka saa saba. Mtu wa kutunga asingelikosea vizuri hivi.

Baharia Mstaafu, Likoni

Nami nijibu la simu. Zamani tukitoka Kilindini ni kimya mpaka bandari nyingine. Siku hizi meli nyingi zina intaneti ya setilaiti, lakini ni ya mgao. Leo unapewa, kesho nahodha anaihitaji ya kazi, au kimemalizika kifurushi chako. Mke akisema "mtandao hakuna" na "jana alipiga", zote mbili ni kweli. Mke wangu aliishi na hayo miaka kumi na minane. Aliwahi kuuza jokofu letu bila kuniambia, nikalikuta halipo niliporudi, na mahali pake pamewekwa kabati. Hatukuzungumza siku tatu. Alikuwa amelipa hospitali ya mamangu. Nililia kwenye lile kabati.

Msema Kweli 001

Basi ataje jina la meli tuitafute.

Dada wa Kizingo

Hatataja na asitaje. Msema Kweli, tangazo gani halina jina la hoteli na linasema arubuni hairudi?

Binti, rudi kwangu. Mimi nimefanya kazi kama yako miaka sita, kwanza ya simu, sasa ya kusimamia. Hapa hakuna aliyekuuliza: mkataba wako unasemaje kuhusu mahali pa kazi? Wewe unasomewa majina, anwani na kadi za benki za watu. Kampuni nyingi hazikubali uyataje mahali penye mtu mwingine, na hata hapa kwetu tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Soma mkataba usiku huu.

Binti wa Tudor

Nimesoma. Kifungu cha tisa. "Chumba chenye mlango unaofungwa, kisichotumiwa na mtu mwingine wakati wa zamu." Nilikitia saini bila kukisoma vizuri.

Kwa hiyo ule ukumbi wote sina haja nao. Nimekaa hapa natazama picha za meza zile.

Msema Kweli, sina hasira nawe. Natamani ingekuwa hadithi.

Dada wa Kizingo

Usitazame picha. Unachohitaji ni chumba cha juu. Kesho nenda na laptopu na vipokea sauti, omba wakuonyeshe chumba chenyewe, ufunge mlango, upime mtandao humo ndani. Ukumbini ruta iko kichwani mwako, chumbani huenda iko mwisho wa korido. Uliza kama kuna waya wa kuchomeka ukutani. Tazama meza. Hoteli nyingi meza ya chumbani ni ya kuwekea birika.

Na arubuni: 45,500 gawanya kwa 6,500 ni usiku saba kamili. Usidai pesa irudi. Omba igeuzwe iwe usiku saba uliolipiwa, usiongeze hata senti ya mabati.

Mama Mapacha Bamburi

Allahu akbar, hesabu hiyo mimi sikuiona.

Binti wa Tudor

Nimerudi, kwa waliouliza.

Nilikwenda jana saa kumi na moja jioni. Chumbani mtandao hauyumbi kama ukumbini, na ukutani kuna tundu la waya, ilibidi wautafute waya wenyewe stoo. Meza ni ndogo kama Dada alivyosema, wakaniletea moja kutoka chini, vijana wawili wameibeba kwenye lifti. Meneja alikataa mara mbili habari ya arubuni. Mara ya tatu nilimwonyesha hesabu kwenye karatasi, akanyamaza, akaandika usiku saba. Risiti ninayo.

Saba ni Jumatatu mpaka Jumapili. Wikendi sifanyi kazi, nikaomba wanipe Jumatatu mpaka Ijumaa, kisha Jumatatu na Jumanne ya pili. Wamekubali. Zimebaki zamu tatu za nyumbani.

Wifi nilimwambia usiku ule ule, nilipoona naweza kuwaambia nyinyi watu nisiowajua. Alikaa kimya sana. Kisha akasema, kumbe lile godoro ni la hilo. Alidhani nimeliweka mlangoni ili watoto wasiingie stoo kuchukua sukari. Siku hizo tatu atakwenda nao kwa nyanya yao Majengo mpaka saa tatu usiku. Baada ya hapo watakuwa wamelala, inshallah.

Fundi, hiyo betri ya ruta inauzwa wapi mjini, na ni ya volti ngapi?

Fundi wa Faiba

Geuza ruta yako usome chini yake. Nyingi ni volti 12. Nitumie picha ya kibandiko, uzibe namba ya siri.

Mzee wa Kibokoni

Na mumeo, binti yangu?

Binti wa Tudor

Nimemtumia ujumbe wa sauti tangu jana asubuhi, dakika nne. Nimesema yote, na mabati, na kifungu cha tisa. Mpaka sasa ni tiki moja.

Baharia Mstaafu, Likoni

Tiki moja haina maana mbaya. Wakikaribia nchi kavu simu zote melini hulia kwa pamoja, utadhani ni kengele ya hatari. Usiufute.